Viungo ni vilevile ila sufuria la jirani linanukia mtaa mzima na langu kimya. Kumbe nilikuwa nakosea hapa

Kaka Sufuria aliandika:

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, mwenye njaa akae.

Mimi ni mtu wa kujipikia, mwaka wa nne huu nakaa peke yangu hapa Dar, nyumba ya kupanga, tuko wapangaji sita na kila mtu jiko lake liko kwenye korido. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa bi mkubwa mmoja mtu wa Pemba na huyu mama ndo chanzo cha uzi huu. Akipika, hata kama ni maharage tu, wote tunajua leo kwake ni maharage. Mimi nikipika nyama kilo nzima hakuna hata paka anayegeuza shingo. Nikawa najua ana kiungo cha siri ambacho sisi watu wa bara hatuambiwi, maana kabati langu limejaa makopo, iliki ipo, karafuu ipo, mdalasini, pilipili manga, na mchuzi mix juu yake.

Aibu iliyonifungua macho ni pilau. Nilikuwa na washkaji wanne wa kazini wanakuja, nikaenda dukani nikasema naomba binzari ya pilau, dogo anayeuza akanipimia unga wa njano akafunga kwenye karatasi. Mi nikaona binzari ni binzari. Nikatia vijiko vinne vya chakula. Jamani! Pilau ilitoka rangi ya reflekta ya bodaboda, chungu kama kwinini, mshkaji mmoja akauliza kistaarabu kabisa kama hii ni biriani. Nilipompelekea bi mkubwa sahani yake (si unajua ukipika lazima ipite kwa jirani) akaonja punje chache, akanitazama, akasema "mwanangu, manjano yote haya, unapika au unamsinga bi harusi?" Yaani kumpaka manjano mwilini.

Jumamosi iliyofuata akanisimamia mwenyewe. Kwanza akaomba bizari yangu, nikampa kopo la unga, akalinusa, akalifunika akanirudishia bila kusema kitu, na hiyo iliniuma kuliko angetukana. Akaenda kwake akaja na bizari nyembamba nzimanzima, akaziweka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hakuna mafuta, anazigeuza na mwiko huku anapiga stori za ndugu zake. Mi naangalia saa. Hazikufika dakika mbili harufu ikapanda mpaka mpangaji wa mwisho akachungulia dirishani. Akazimwaga kwenye kinu akazitwanga, sio mpaka ziwe unga, zilivunjikavunjika tu.

Halafu vitunguu. Hapa ndo nilijiona mtoto. Mimi vitunguu nakaanga vikishalainika tu natia nyanya, mbio mbio. Yeye alikata vikubwa vitatu kwa mchele kilo moja, akavikaanga na sikutegemea kama kitunguu kinaweza kukaa kwenye mafuta muda wote ule. Kila nikisema tayari mama, ananijibu bado. Vikawa vya dhahabu, bado. Vikaanza kuwa kahawia, bado kidogo. Simu yangu ikaita akanambia iache iite, kitunguu kikifika hapa hakimsubiri mtu. Vilipokolea kabisa akarusha maji kama robo kikombe, shaaa, ili visiendelee kuungua, na yale maji yakageuka rangi ya chai ya rangi palepale. Kumbe rangi ya pilau inatoka pale, na mimi miaka yote namimina soya sosi.

Baada ya hapo saumu na tangawizi vya kutwanga, vikakaangika kidogo mpaka ile harufu ya ubichi ikaondoka. Ndo ikaingia bizari, iliki za kupasua, karafuu, mdalasini, pilipili manga, vyote ndani ya mafuta, dakika moja hivi. Kisha nyama iliyokwisha chemshwa, viazi, supu ya nyama, na mwisho mchele uliokuwa umelowekwa. Mimi nilikuwa nafanyaje? Maji yakishachemka ndo namwaga viungo juu juu kama natia majani ya chai. Nikamwambia ukweli wangu, akacheka sana, akasema "kiungo hakiogeshwi maji mwanangu, kinapakwa mafuta."

Nilikuja kufuatilia nikaona ana haki. Harufu ya viungo vingi imekaa kwenye mafuta yaliyomo ndani ya mbegu yenyewe, na hayo yanachanganyika na mafuta ya kupikia kirahisi kuliko maji. Ukitupia kwenye maji yanayochemka sehemu kubwa inapanda na mvuke inaenda kwa majirani, wewe unabaki na maganda. Ila sasa nikajiuliza, mbona yeye anawanukishia majirani na bado chakula kinabaki na ladha? Jibu ni kwamba ladha imeshashikwa na mafuta, inayotoka ni ziada.

Sasa shida yangu iliyobaki ni majani mabichi. Mbegu na magome nimeelewa. Ila giligilani, nanaa, mchaichai, mrehani, hivi sijui vinaingia saa ngapi. Nikitia giligilani mapema inakuwa kama mchicha uliolala, nikichelewa inakuwa nyasi. Na bi mkubwa kasafiri kwao. Wajuzi nisaidieni.

Mkaa Mbili aliandika:

Umesahau la muhimu mkuu. Alipalia au hakupalia?

Kaka Sufuria aliandika:

Alipalia. Maji yalipokaribia kukauka akafunika sinia, akaweka mkaa juu, chini akapunguza ukabaki moto wa kubembeleza. Mi natumia gesi, naweka karatasi la foili na mfuniko mzito, sio kama ule.

Mkaa Mbili aliandika:

Haiwezi kuwa kama ule. Endelea.

Bint Chwale aliandika:

Kwanza nimecheka mpaka machozi hapo kwenye kumsinga bi harusi, huyo mama ni wa kwetu kweli, hana mfano.

Sasa kaka'angu tuanze na hili la jina maana wewe si wa kwanza na hutokuwa wa mwisho. Neno bizari limebeba vitu vitatu tafauti. Bara ukisema binzari watu wengi wanakupa manjano. Kwetu bizari ya pilau ndo bizari nyembamba, wengine wanaita uzile, wengine jira, ile mbegu nyembamba ina mistari. Na bizari ya mchuzi ni mchanganyiko, ndani mna manjano, gilgilani kavu, uzile, na mengine kila nyumba na yake. Sasa ukenda dukani usiseme binzari peke yake, sema nipe bizari nyembamba nzima, tena aiweke mkononi uione. Unga usinunue. Unga hujui ni wa lini wala umechanganywa na nini. Mie nilishawahi kununua karafuu ya unga sokoni, kufika nyumbani naona nyuzinyuzi, kumbe mtu kasaga makonyo, yaani vile vikonyo ambavyo vinatengwa wakati wa kuchambua. Harufu ipo ya mbali mbali, karafuu yenyewe hamna.

Karafuu nzuri utaijua, ina kichwa chake mviringo hakijabanduka, na ukiibinya kwa ukucha pale kwenye shina inatoa umajimaji wa mafuta. Ikiwa kavu kama kijiti cha kibiriti, mrudishie. Iliki ipasue moja, mbegu ziwe nyeusi zinanatanata, zikiwa zimepauka zinaachana kama mchanga hiyo imekaa sana.

Jengine, watu wakisikia Pemba wanadhani tunatia karafuu mpaka kwenye uji. Si kweli. Mchele kilo moja karafuu tano sita zinatosha, zikizidi chakula kinanuka kwa daktari wa meno, na kweli mafuta ya karafuu ndo wanayotumia hao madaktari. Karafuu kwetu ni zao la kuuza zaidi kuliko la kutia chunguni. Hata mti wenyewe mgeni, asili yake visiwa vya Maluku huko Indonesia, ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Unguja ndo ilikuwa na mashamba makubwa, likaja lile tufani la 1872 likang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, basi toka hapo karafuu ikawa ya Pemba. Nimetoka nje ya mada samahani, ila mtu akinitajia Pemba nafungua bomba.

Majani nitarudi, naipua chungu.

Msee wa Likoni aliandika:

Sasa wadau, habari za huko Bongo. Hapa Mombasa hiyo giligilani yenu tunaita dhania na nitawaambia kitu kimoja mnatupa. MASHINA. Naona watu sokoni wananyonyoa majani, mashina wanatupia mbuzi. Bana, ladha yenyewe iko kwa mashina. Mimi nachukua yale mashina ya chini na mizizi kama haijakatwa, naosha vizuri kutoa mchanga, natwanga pamoja na saumu, tangawizi na pilipili mbichi, hiyo ndio inaingia mwanzo kwa mafuta. Majani nayo nakatakata naweka kando mpaka mwisho kabisa, nikishazima moto. Kwa hivyo dhania inaingia mara mbili. Mwanzo inatoa ladha ya chini, mwisho inatoa harufu ya juu. Jaribu hiyo kwa ndengu tu, usijaribu kwa kitu cha bei, uone vile nyumba itabadilika.

Kuku wa kupaka pia hivyo hivyo. Kuku ameroweshwa na saumu, tangawizi, ndimu, chumvi, pilipili, amechomwa kwa makaa, huku kando una tui zito na manjano kidogo, robo kijiko cha chai tu na sio kijiko cha bi harusi ☺, na ile dhania ya kutwanga. Tui unakoroga bila kuacha mpaka liwe zito, unalipaka kuku, unarudisha kwa makaa, unapaka tena. Ukamulie ndimu ukiwa mezani. Ukiitia ndimu kwa tui likiwa jikoni litakatika halafu uje hapa kulalamika.

Mangi Mtori aliandika:

Mimi naomba kutofautiana na nyie wote.

Mama yangu Rombo hajawahi kuweka iliki kwenye chakula maisha yake yote, iliki ni ya chai. Mtori wake ni ndizi mshare, nyama yenye mfupa, kitunguu, chumvi, na siagi au maziwa kidogo mwishoni. Basi. Na ukila unataka kulia. Watu wa siku hizi mnatia vitu kumi na tano kwenye sufuria moja mpaka nyama hujui ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Huyo bi mkubwa wa Pemba namheshimu ila sio kila chakula kinataka kupakwa mafuta.

Kaka Sufuria aliandika:

Mangi hapo hatugombani. Hata yeye mchicha anapika kwa tui, kitunguu, chumvi na pilipili mbuzi moja nzima juu bila kuipasua, inatoa harufu haitoi ukali. Nilimuuliza mbona hapa hujatia bizari, akaniuliza kwani mchicha umekosea nini.

Mangi Mtori aliandika:

Huyo mama tutaelewana.

Shangazi wa Leicester aliandika:

Nawasoma kutoka Uingereza, nje kuna mvua na mie hapa nimeshapata njaa.

Kwa walio nje kama mimi, msiende supamaketi kununua vile vichupa vidogo vya viungo, bei yake unapata mfuko mzima kwenye maduka ya Wahindi. Hapa Leicester wako wengi, tena wengine wazee wao walitoka Uganda na Kenya, unaweza ukasalimiwa kwa Kiswahili kaunta. Ila majina yako kwa lugha yao ndo mtu unaduwaa. Jeera ndo bizari nyembamba, elaichi ni iliki, haldi ni manjano, methi ni uwatu, dhania wao wanaita dhania vilevile. Na mtazame kwa makini kuna mbegu inaitwa ajwain inafanana na bizari nyembamba kwa mbali lakini ndogo, niliwahi kutia kwenye pilau ya watu ishirini. Ilinukia dawa ya kifua. Watu walikula, wakasema asante, hakuna aliyeomba kubebewa.

Mdalasini pia muangalie. Ule mwembamba unaojikunja tabaka nyingi kama karatasi, unavunjika kwa vidole, ndo wa Zanzibar na Sri Lanka, mtamu laini. Ule mgumu mnene kama gome la mti unaouzwa kwa wingi huku ni jamaa yake, kasia, mkali zaidi. Sio mbaya kwenye pilau, lakini kwenye chai au maandazi mimi nataka ule mwembamba.

Mama Wawili aliandika:

Jamani mtu asiniulize nimejuaje ila msitwange saumu mkaimwagia mafuta kwenye chupa mkaiacha kabatini wiki nzima kwa ajili ya kurahisisha mapishi. Saumu kwenye mafuta nje ya friji ni hatari, kuna bakteria anapenda mahali pasipo na hewa kama pale na sumu yake huioni wala huinusi. Mimi natwanga saumu na tangawizi jumamosi, nagandisha kwenye trei la barafu, kila siku natoa kipande kimoja natupia kwenye mafuta. Kinarukaruka mafuta kidogo mwanzo, simama mbali.

Halafu kuhusu giligilani kaka, ya nini kununua kila siku fungu linanyauka nusu linaishia jalalani. Panda. Nina dumu la lita 20 nimelikata ubavu, nimetoboa chini, udongo na samadi ya zamani, liko upande wa nyumba ambao jua la mchana halifiki. Mbegu chukua ileile ya dukani nzima ya kupikia ilimradi haijakaangwa. Ile duara unayoiona ni mbegu mbili zimekumbatiana, isugue kidogo kwa chupa zipasuke, usisage, loweka usiku mmoja, mwaga. Wiki moja mpaka mbili zinaota. Usihamishe miche, haipendi kusumbuliwa mizizi. Na joto la Dar likizidi inakimbilia kutoa maua majani yanakuwa kama nyuzi, kwa hiyo mwaga mbegu mpya kila wiki tatu hivi usisubiri ya kwanza iishe. Nanaa yenyewe haina shida, chukua kijiti weka kwenye glasi ya maji, ikitoa mizizi panda peke yake kwenye ndoo, ukiichanganya na wenzake itawameza. Mchaichai omba shina kwa jirani.

Chausiku_G aliandika:

Mimi peke yangu ndo nasikia giligilani inanuka sabuni? Sio kidogo, yaani kama mtu kasahau kuosha povu kwenye sahani. Kila nikisema naambiwa najidai.

Mama Wawili aliandika:

Kunguni au sabuni?

Chausiku_G aliandika:

Vyote.

Msee wa Likoni aliandika:

Dada hujidai, ni vile umezaliwa. Kuna watu jeni zao za kunusa zinashika ile harufu ya sabuni kwa dhania kuliko wengine, imechunguzwa na wataalamu. Wewe tumia nanaa kwa kachumbari, ama majani ya kitunguu. Lakini jaribu kuitwanga kwanza kabla ya kuitumia, ikishasagwa wengine huwa inawapungukia hiyo sabuni. Ikikataa, achana nayo.

Bint Chwale aliandika:

Nimerudi, chungu kishashuka, mbaazi za nazi.

Majani sasa. Kaka Sufuria wewe unayachanganya yote kama ni watu wa kabila moja. Yapo majani laini na yapo magumu. Laini ni kotmiri (hiyo giligilani yenu) na nanaa, haya hayataki moto, moto unayaua. Zima jiko, tia, funika dakika mbili tatu, pakua. Magumu kama mchaichai na rozimari yanataka muda, yanaingia mwanzo. Mchaichai usiukatekate ukautia kama kitunguu, utawachoma watu koo. Chukua sehemu ya chini ile nyeupe, igonge kwa mchi ipasuke, ifunge fundo, itupe kwenye supu ya kuku au ya samaki toka mwanzo, na unapopakua unaitoa. Hata maharage ukiyachemshia fundo la mchaichai yanakuwa na kitu ndani ambacho mlaji hakijui ni nini.

Mrehani mimi sitii chakulani, sisi mrehani unakwenda kwenye kikuba (kifungu cha maua ya kunukia) na asumini ukabandikwa nyweleni. Nikimwona mtu kautia kwenye sosi ya nyanya nahisi kala pambo la mtu. Lakini najua wengine wanapenda, basi nao ni jani laini, mwisho.

Na jengine ulilosahau kuuliza ni ukali wa uchachu. Mchuzi wako ukikosa kitu na umeshatia chumvi ya kutosha, mara nyingi si kiungo kilichokosekana, ni ndimu au ukwaju. Usiongeze bizari. Tia ukwaju kidogo uonje.

Ndimu Kavu aliandika:

Bint Chwale umenigusa hapo kwa uchachu. Mie niko Maskati, wazee wetu walirudi huku kutoka Unguja, na nyumbani tunapika vya kule na vya huku kwa pamoja. Huku tuna lumi, ndimu zinachemshwa kwa maji ya chumvi kisha zinaanikwa juani mpaka zinakuwa nyeusi nyepesi kama maganda matupu. Ukenda soko la Mutrah unaziona zimejaa magunia. Unaitoboa matundu mawili matatu, unatoa kokwa maana zina uchungu, unaitia kwenye mchuzi wa nyama pamoja na maji. Uchachu wake si kama wa ndimu mbichi, una moshi ndani yake. Mama yangu anaitia mpaka kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, jambo ambalo shangazi zangu waliobaki Unguja wanasema ni uharamia.

Na huku ukisema bizari wanakuelewa, bizari ya Kiomani ni mchanganyiko uliosagwa, kila nyumba inajivunia wake. Wakati wa Idi nyama ya shuwa inapakwa hiyo bizari pamoja na thomu (saumu) na siki, inafungwa kwa majani ya mgomba au makuti, inazikwa kwenye tanuri la chini ya ardhi siku nzima au mbili. Ukifungua pale hamna haja ya kisu.

Fundi Bomba aliandika:

Mimi sina kinu, sina mkaa, sina muda, narudi saa mbili usiku. Naomba kitu kimoja tu cha kubadilisha maharage yangu, maana tangu mwezi uanze ni maharage na najichukia.

Kaka Sufuria aliandika:

Mkuu, hii imenisaidia wiki nzima. Maharage yako yakishaiva, achana nayo. Kikaango pembeni, mafuta vijiko viwili, yakipata moto tupa bizari nyembamba nzima nusu kijiko cha chai. Ukiona inazungukiwa na vipovu na inaanza kubadilika rangi, saumu punje tatu za kuponda, sekunde ishirini tu. Mimina yote juu ya maharage yalie, funika. Kama una giligilani nyunyiza. Hiyo dakika mbili.

Ila angalia mafuta yasiwe yanatoa moshi. Jumanne nilijifanya mjuzi nikawa natuma meseji huku mafuta yako jikoni, kutupa bizari ikawa nyeusi papo hapo, nikajiambia si neno nikamimina hivyohivyo. Maharage yote yakawa machungu, sufuria zima, nililala na mkate na chai. Bizari na saumu zikiungua hazitengenezeki, mwaga mafuta uanze upya, hasara ya mafuta ni ndogo kuliko ya maharage.

Fundi Bomba aliandika:

Nimefanya sasa hivi. Saa tatu kasoro usiku. Mke wa jirani kauliza mnapika nini. Nipo peke yangu kasema mnapika!!!

Mkaa Mbili aliandika:

Hongera, ushakuwa wingi.

Shangazi wa Leicester aliandika:

Na hayo makopo yenu msiyaweke juu ya jiko jamani, naona picha za majiko ya watu onlaini viungo vimepangwa ukutani juu ya moto vinapendeza. Mvuke na joto vinamaliza kila kitu. Weka kabatini gizani, nzima sio unga, saga cha wiki mbili tatu tu kwenye mashine ya kahawa au twanga.

Kaka Sufuria aliandika:

Mrejesho wakuu. Jana nimepika mchuzi wa changu wa nazi. Nimempaka samaki ndimu, chumvi na saumu nikamkaanga kidogo asivunjike. Mashina ya giligilani nikayatwanga na saumu, tangawizi na pilipili kama alivyosema msee wa Likoni, kwa kinu cha kuazima, hicho kinu ni kizito nimeelewa kwa nini mikono ya bi mkubwa iko vile. Kitunguu kikapata rangi, sio ya pilau, ya dhahabu tu. Nikatia ule mtwango, bizari ya kukaanga, manjano ncha ya kijiko (nilishika kijiko kama nashika bomu), nyanya mbili mpaka zikaachana na mafuta, nikaona yale mafuta yanaelea pembeni mekundu. Tui jepesi, samaki, tui zito mwishoni nakoroga kwa mtindo wa kutikisa sufuria nisimvunje. Ukwaju kidogo. Nikazima, majani ya giligilani juu, nikafunika.

Nilipofunua niliita mwenyewe kwa sauti. Wapangaji wawili wamekuja na sahani bila kualikwa, mmoja kaja na wali wake kabisa. Nimebakiza bakuli moja nimelifunika liko kwenye friji, bi mkubwa anarudi kesho na meli ya asubuhi, nataka aonje aseme.

Bint Chwale aliandika:

Maashallah. Hilo bakuli la kesho usilitokose, mchuzi wa nazi ukirudishiwa moto mkali tui linakatika na utaaibika mara ya pili. Moto mdogo, usifunike, ukiona vipovu vya kwanza pembeni epua. Na yale majani ya jana yatoe, kata mapya.

Kaka Sufuria aliandika:

Giligilani imeisha. Naenda kumwamsha Mama Wawili na dumu lake.

Mama Wawili aliandika:

Kata ya nje nje, using'oe mzizi.